Mpera Uliohama Nyumba Tatu

Magomeni ni mtaa wa siku nyingi katika jiji la Dar es Salaam. Ukitoka katikati ya mji kwa Barabara ya Morogoro, ukavuka bonde la Jangwani ambako mto Msimbazi hufurika mvua zikizidi, unapanda kidogo na tayari umefika. Vituo vya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vinataja majina ambayo wenyeji waliyazoea zamani: Mapipa, Usalama, Mwembechai. Hapa pia ndipo ilipo nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya 1950, wakati wa kudai uhuru. Leo nyumba hiyo ni makumbusho.

Wageni wengi huja kuitazama nyumba hiyo. Mimi nilikuja kutazama mipera iliyopandwa ndani ya ndoo.

Mama aliyelelewa katika nyumba za Kiswahili anaujua ua. Vyumba viko huku na huku, ukumbi uko katikati, na nyuma kuna uwanja mdogo wenye jiko, kamba ya nguo na mti mmoja au miwili. Mara nyingi mti huo ni mpera, kwa sababu mpera hausumbui. Asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini umezoea kwetu hata mtoto wa Tanga au Morogoro hawezi kuamini kwamba ni mgeni.

Siku hizi nyua zinapungua. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Watu wengi namna hiyo hawawezi wote kuwa na ua. Pale Magomeni Kota nyumba za zamani zilibomolewa, na mwezi Machi 2022 yakafunguliwa rasmi majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo awali. Nyumba ni nzuri na maji yako ndani. Lakini ardhi ya kuchimba shimo la mti haipo tena mlangoni.

Bibi na ndoo yake

Nilikaribishwa na bibi mmoja anayelea wajukuu wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita, ukae huku kwenye upepo."

Kwenye roshani yake palikuwa na mpera wa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, umesimama ndani ya nusu ya pipa la plastiki. Nilihesabu mapera kumi na moja, mengine yamefungwa mifuko ya karatasi.

Alinieleza kwamba mama huyo wa mti, yaani mpera wa uani kwao, ulikatwa pamoja na nyumba. Wiki chache kabla ya kuhama alichagua tawi lenye unene wa kidole, akalibandua gamba kwa upana wa vidole viwili kulizunguka, akalifunga udongo wenye samadi kwa kitambaa kilicholowa, na juu yake mfuko wa plastiki. Mizizi ilipojaa ndani ya mfuko alilikata tawi chini ya mizizi hiyo na kulipanda kwenye ndoo. Kwa miaka ya kungojea nyumba mpya alipanga sehemu tatu, na kila alipohama ndoo ilipanda mkokoteni pamoja na vyombo.

"Wenye nyumba waliniuliza nina wajukuu wangapi," alisema. "Hakuna aliyeniuliza nina miti mingapi."

Tawi lililooteshwa namna hiyo huzaa tunda lile lile la mti wa mama, na huzaa mapema kuliko mche wa mbegu. Mbegu huchukua miaka kadhaa, na tunda lake huenda lisifanane na ulilokula. Kama huna mti wa kutoa tawi, nunua mche uliobebeshwa kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Jinsi ya kupanda

Anza na ndoo ya lita 20. Itoboe matundu matano au sita chini, weka tabaka la kokoto, kisha jaza mchanganyiko wa udongo mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mti ukikua, baada ya mwaka mmoja au miwili, uhamishie kwenye nusu ya pipa la lita 200. Pipa lililobeba dawa za viwandani au za mashamba lisitumike hata ukilisugua namna gani. Tafuta la mafuta ya kula.

Mpera unapenda jua la saa sita au zaidi kwa siku. Mti wa kwenye chombo hauwezi kutafuta maji mbali, kwa hiyo unakutegemea wewe. Ingiza kidole kwenye udongo. Pakiwa pakavu hadi fundo la pili, mwagilia. Mwaka 2022 mto Ruvu ulipopungua na jiji likapata maji kwa mgawo, bibi alimwagilia kwa maji aliyooshea mboga na mchele.

Maua ya mpera hutoka kwenye matawi machanga. Ndiyo maana kupogoa ni kazi ya lazima. Mche ukifika kimo cha goti, kata ncha ili utoe matawi ya pembeni. Na kila baada ya kuvuna, punguza matawi. Mti hubaki mfupi na huzaa. Kila miaka miwili au mitatu utoe kwenye chombo, punguza mizizi iliyojizungusha, na uurudishe kwa udongo mpya.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Aina moja kutoka Asia iligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na imeenea sana. Ndiyo huweka mayai yanayokuwa funza ndani ya pera. Funga matunda yangali mabichi kwa mifuko ya karatasi, na yaliyoanguka usiyaache chini.

Usalama wa nyumba

Ndoo ya udongo uliolowa hufika kilo 30. Isiwekwe ukingoni mwa roshani, kwani chini hupita watoto wa wenzako. Iweke sakafuni, karibu na ukuta. Tena, ukiweka sahani ya kukinga maji chini ya chombo, imwage kila mara. Mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaliana kwenye maji ya namna hiyo, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Kwa nini tujisumbue?

Sokoni mapera yapo, tena si ghali. Lakini tuwatazame watoto wetu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba watoto 58 katika kila 100 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu, na wanawake 45 katika kila 100. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha huingia mwilini kwa shida, isipokuwa yakisaidiwa na vitamini C. Gramu 100 za pera zina takribani miligramu 200 za vitamini hiyo. Chungwa lina kama 50. Pera moja pamoja na wali maharage ni msaada mkubwa, wakati chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo.

Bibi aliniambia mjukuu wake mdogo aliwahi kulazwa kwa kuishiwa damu. Dawa alipewa hospitalini, na aliimaliza yote. Alichoongeza bibi ni kwamba kila mapera yanapoiva mtoto huyo ndiye anayechuma la kwanza, na hulila pamoja na chakula cha mchana huku nyanya yake akimtazama.

Masika huanza mwezi Machi na vuli mwezi Oktoba. Mama, tafuta ndoo iliyopasuka mpini, usiitupe. Omba tawi kwa jirani mwenye mti mtamu, na kazi ya kumwagilia mkabidhi mtoto mmoja hapo nyumbani. Mpe mti huo uwe wake.