Chombo Kikizama, Nani Alaumiwe?

Watu wengi wa upande huu wa kaskazini hudhani kwamba habari za vivuko ni habari za watu wa pwani na wa ziwani, wala hazituhusu sisi. Na kweli, mtu akisimama hapa Tarbaj akatazama pande zote nne, haoni maji ila ya kisima na ya bwawa, nayo si mengi. Safari zetu ni za ngamia, za lori na za basi. Lakini msafiri atokaye Tarbaj, akapita Wajir na Garissa kwenda Nairobi, hana budi kuuvuka mto Tana. Mwaka 2024 mto huo ulifurika hata barabara ikakatika upande wa Madogo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja iliyojaa watu ilipinduka. Watu 23 waliokolewa; wengine walichukuliwa na maji. Tangu siku hiyo hapana mtu wa hapa awezaye kusema kwamba jambo la kivuko si lake.

Habari ile ilizungumzwa ofisini na dukani, na swali lilikuwa moja tu: nani aadhibiwe? Wengine walisema, “Ajali haina kinga. Mungu ndiye mwenye kupanga.” Wengine walisema, “Mwenye mashua afungwe, mambo yaishe.” Nimeyafikiri maneno hayo mawili kwa muda mrefu, nami naona kwamba, ijapokuwa yanapingana, kazi yao ni moja: yote mawili huyafunga mazungumzo mapema. La kwanza halimlaumu mtu yeyote. La pili humlaumu mtu mmoja, ili wengine wapate kulala usingizi.

Mimi naona kipimo cha haki ni hiki: lawama ya kila mtu ipimwe kwa uwezo aliokuwa nao wa kusema “hapana” kabla chombo hakijaondoka. Aliyekuwa na uwezo mdogo, lawama yake ni ndogo. Aliyekuwa na uwezo mkubwa, lawama yake ni kubwa, hata kama siku ile alikuwa ameketi mbali na maji. Tuvitazame vyombo vyetu wenyewe, tuone kama kipimo hiki chafaa.

Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka huko Mombasa. Kilikuwa kimefanyiwa kuchukua watu 300, lakini asubuhi ile kilichukua watu wapatao 400, wengi wao wakiwahi kazini. Kilizama karibu sana na nchi kavu, na watu 272 walikufa. Hapakuwa na tufani. Tofauti kati ya 300 na 400 haikutoka mbinguni. Iliingia kwa miguu, mtu baada ya mtu, mbele ya macho ya watu wenye kazi ya kuhesabu.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika majina na hesabu. Kwa hiyo katika habari ya meli hiyo jambo lililonichoma zaidi ni daftari. Meli ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Na wale wa daraja la tatu, yaani maskini, hawakuwa na orodha yoyote. Kwa hiyo mpaka leo husemwa tu kwamba waliokufa walizidi 800, na wengine husema walikaribia 1,000. Wenzetu hao walikosa hata kuhesabiwa katika kufa kwao. Mtu asiyeandikwa jina lake anapopanda, nani ataulizwa habari zake asiposhuka?

Husimuliwa pia kwamba meli ile ilipokuwa imepinduka, ikielea tumbo juu, waliokuwamo ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji wakalitoboa ili wawatoe; hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mtu mwepesi wa hasira angeweza kuwalaumu waliotoboa. Lakini tukitumia kipimo chetu, twaona kwamba hao walikuwa watu wenye huruma wasio na zana wala mafunzo. Lawama yawapasa wale waliokuwa na miaka mingi ya kuandaa wapiga mbizi na vifaa vya uokozi katika ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, nao hawakuandaa. Maafisa tisa wa Shirika la Reli la Tanzania walishtakiwa, akiwamo nahodha na mkuu wa idara ya meli. Hapo angalau mashtaka yalipanda ngazi kutoka sitahani hata ofisini.

Je, somo lilishika? Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa lile lile, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa karibu kufika gatini kisiwani Ukara. Kilikuwa na idhini ya kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Na hesabu ya abiria ilipotafutwa, ikaonekana kwamba mkata tiketi amekufa maji na mashine yake imepotea. Daftari lilizama pamoja na watu wake! Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwamo chomboni, bali usukani alikuwa ameachiwa mtu asiyefunzwa kazi ile. Akaamuru wahusika wakamatwe. Siku chache baadaye mkuu wa TEMESA, wakala wa Serikali wenye vivuko, aliondolewa, na bodi yake ikavunjwa.

Nasifu hatua hizo kwa kuwa ziliwafikia wakubwa. Lakini yatupasa tukumbuke kwamba kukamata si kuhukumu. Mtu aliyekamatwa kwa haraka ili kuipoza hasira ya watu huenda akawa ndiye shahidi tunayemhitaji. Tumwulize kwanza: Nani alikuagiza? Ulipokataa mara ya mwisho, nani alikutisha kwamba utapoteza kazi? Nahodha akionekana kuwa alipakia kwa tamaa yake, apate adhabu kamili. Lakini akionekana kuwa amri hiyo ilitoka ofisini siku zote, basi kumfunga peke yake ni kukata tawi na kuuacha mzizi ardhini.

Nilimwuliza mzee mmoja wa hapa, aliyekaa katika mabaraza mengi ya kusuluhisha, “Mzee, kwa desturi yenu, mtu akiua bila kukusudia, nani huadhibiwa?”

Alicheka kidogo, akasema, “Karani, wewe wauliza nani. Sisi huuliza wangapi.”

Ndipo akanieleza habari ya dia, ambayo wenyeji huiita mag. Wasomaji wengi wanajua kwamba desturi hiyo ni ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke, na kwamba mzigo huo haulipwi na mkosaji peke yake bali na ukoo wake wote, kila nyumba ikitoa fungu lake. Nilidhani ni njia ya kuwalipa wafiwa tu. Mzee akaniambia, “Hapana. Kijana akichukua bunduki usiku, si baba yake tu amwulizaye aendako. Kila mwenye ngamia katika ukoo humwuliza, kwa maana ngamia wake wamo hatarini. Malipo ya baadaye ndiyo yafanyayo watu waulize mapema.”

Nikamwambia, “Lakini mzee, mkosaji mwenyewe akilipiwa na wote, ataona uchungu gani?”

Akajibu, “Hapo ndipo jela yenu ina faida. Mimi sikusema muiache.”

Sikubaliani na kila jambo katika desturi hiyo. Sioni kwa nini uhai wa mwanamke uhesabiwe kuwa nusu. Chombo kikizama, maji hayabagui. Lakini neno la mzee lina hekima kubwa. Kama shirika zima lingejua kwamba msiba utaipata hazina yake, na mishahara ya wakubwa wake, na vyeo vyao, basi mhasibu angemwuliza meneja, meneja angemwuliza mkaguzi, na mkaguzi angesimama gatini kila asubuhi akihesabu. Adhabu ya mtu mmoja humtisha mtu mmoja. Malipo yagusayo nyumba nzima huifanya nyumba nzima iwe macho.

Wazungu nao wamejifunza jambo hili kwa machozi. Tarehe 6 Machi 1987 meli ya Kiingereza iitwayo Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na watu 193 walikufa. Ilikuwa imeondoka milango yake ya mbele ikiwa wazi, kwa sababu baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Ingekuwa rahisi kumlaumu yeye, habari ikaisha. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba manahodha walikuwa wamewaomba wakubwa wa kampuni waweke taa za kumjulisha nahodha kama milango imefungwa, nao wakubwa wakakataa. Kampuni ilishtakiwa kwa mauaji, lakini kesi ikaanguka mwaka 1990. Watu hawakunyamaza, mwaka 2007 Uingereza ikatunga sheria mpya ya kuyatia hatiani makampuni yasababishayo vifo kwa uzembe mkubwa.

Korea Kusini nako, meli ya Sewol ilizama tarehe 16 Aprili 2014, watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi wa shule moja. Nahodha aliikimbia meli na kuwaacha watoto ndani. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini mahakama hazikukomea kwake. Mkuu wa kampuni naye alifungwa, kwa kuwa meli ilikuwa ikipakiwa mizigo kupita kiasi.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Zanzibar ilipata msiba wa MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011, na hata mwaka haujaisha ikapata wa MV Skagit, tarehe 18 Julai 2012. Baada ya huo wa pili, waziri aliyehusika na usafiri visiwani, Bwana Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Yeye hakushika usukani. Lakini aliye mkuu wa jambo huitwa mkuu kwa sababu mambo yote humwishia yeye. Katika nchi zetu, ambamo wakubwa wengi hung'ang'ania viti vyao, kitendo hicho chastahili kukumbukwa.

Najua wako wasomaji watakaosema, “Na abiria je? Si wao waliojisukuma ndani?” Ni kweli, nasi tusijidanganye. Hata hapa twapanda juu ya lori lililojaa mbuzi na magunia, na utingo akisema pamejaa, twamwona mtu mbaya. Abiria ana uwezo wa kusema hapana, naye alaumiwe kwa kadiri ya uwezo huo. Lakini tufikiri ni uwezo wa namna gani. Mama mwenye samaki watakaooza asipofika sokoni, kibarua atakayefukuzwa akichelewa, mgonjwa aendaye hospitali, hao wote wana chombo kimoja tu mbele yao. Hapana yao yawagharimu chakula cha siku. Hapana ya mkaguzi yagharimu wino kidogo tu. Hatuwezi kuziweka katika mizani moja tukasema ni sawa.

Basi, nikiulizwa adhabu iweje, nitajibu hivi. Aliyevunja sheria kwa kujua, awe baharia au meneja, ashtakiwe mbele ya mahakama wazi, apewe nafasi ya kujitetea, na akionekana ana hatia afungwe. Aliyelala kazini apoteze kazi na cheti chake, asihamishwe kimya kimya kwenda kituo kingine. Shirika lilipe wafiwa, na lilipe upesi, maana mjane halishi watoto kwa ahadi. Na taarifa ya uchunguzi isomwe hadharani kwa lugha ambayo wafiwa wanaielewa. Taarifa iliyofungiwa kabatini haimwokoi mtu.

Juu ya hayo yote naomba jambo dogo sana, ambalo labda ni karani tu angeliomba: daftari mbili. Moja iende na chombo, na ya pili ibaki nchi kavu, imeandikwa majina ya wote, maskini na tajiri, mtoto na mkubwa, na mtu aliyehesabu atie sahihi yake chini. Mtu akijua kwamba jina lake limebaki ufukoni chini ya hesabu, mkono wake utasita kabla ya kumwandika abiria wa 102 katika chombo cha watu 101. Kusita huko ndiko kinga yenyewe ya ajali.

Mvua kubwa zitarudi, maana hurudi siku zote, na mto Tana utafurika tena. Mashua zitaletwa, na watu wa Mandera, wa Wajir na wa Tarbaj watasimama ukingoni na mizigo yao wakiwa na haraka. Siku hiyo pawepo mtu mwenye kalamu, mwenye maboya ya kutosha, na mwenye mamlaka ya kusema, “Imetosha, ngojeni ya pili.” Nasi tukiambiwa hivyo, tusimtukane. Tumshukuru, tukae chini, tungoje.