Ukingo Ndio Bwawa

Nimezaliwa Kilwa Masoko, na uashi nimeurithi kwa mjomba wangu. Kwetu kijana aliyetaka ufundi alianza kwa kubeba maji na kukoroga chokaa, akapanda polepole hadi kukabidhiwa mwiko. Nilipofikia hatua hiyo, mjomba alinivusha kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, akanipeleka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14. Tulipita vyumba na nyua mpaka kwenye birika la kuogea lenye pande nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe. Paa za jumba zimekwisha anguka, lakini pande zile nane bado unazihesabu. “Mjomba,” aliniita, kama ilivyo ada yetu, “shimo hili walichimba vibarua. Kingo alipiga fundi.”

Nilikuja Dar es Salaam kujenga nyumba, na kwa miaka mingi nilijua kuta, misingi na lipu tu. Mabwawa yalikuja baadaye, watu walipoanza kumaliza nyumba zao Mbezi Beach, Goba na Tegeta na kugeukia bustani. Mama mmoja niliyemjengea uzio aliniuliza, “Fundi, unaweza kunitengenezea bwawa dogo la samaki na yungiyungi?” Nikamjibu ninaweza. Tangu siku hiyo hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyosomesha wanangu.

Kazi inaanza kwa kuchagua mahali. Mwenye nyumba mara nyingi anataka bwawa chini ya mwembe au mkungu apate kivuli, na hapo huwa nakataa kwa heshima. Majani yanayoanguka huoza chini, yakala hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Jua la kutwa nzima nalo si zuri, maana linaotesha mwani hadi maji yanakuwa kijani. Napendelea mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha ukuta alasiri. Sichimbi kwenye bonde la kiwanja hata mara moja. Mvua za masika zikishuka, maji ya uwanja mzima yataingia humo na matope yake na mbolea yake.

Kisha ni hesabu. Bwawa la urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina sentimita 60 linahitaji nailoni ngumu ya mita 4.8 kwa 3.8: unachukua kipimo cha juu, unaongeza kina mara mbili, halafu sentimita 30 za kulaza kila upande. Chini natandika mchanga uliochekechwa wa sentimita 5, usio na kokoto wala kipande cha mzizi. Pembeni naacha ngazi ya sentimita 25 kwenda chini kwa ajili ya kupandia maua. Bwawa kama hilo likijaa hubeba karibu lita 3,000, nazo ni tani 3. Uzito huo hukandamiza udongo, kwa hiyo najaza maji kwanza, naacha ardhi itulie, ndipo nakata nailoni na kuanza kupanga mawe.

Lakini kabla ya yote hayo nimekwisha kupiga levo, na hapo ndipo mabwawa mengi yanapoharibikia. Napigilia vigingi kuzunguka shimo, kisha nachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, naujaza maji, naugongagonga kwa kidole mpaka mapovu yote yatoke, kwa sababu hewa kidogo tu ikibaki vipimo vyote vimepotea. Kijana wangu anashika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza na haondoki. Mimi nazunguka na ncha ya pili, kigingi hadi kigingi. Maji yakitulia pande zote mbili naweka alama ya penseli. Nikimaliza mzunguko narudi nilipoanzia, na alama ya mwisho isipokutana na ya kwanza, nafuta zote na kuanza upya. Kwenye alama hizo namwaga mkanda wa zege kuzunguka shimo zima.

Nailoni inapita juu ya mkanda huo, halafu inapanda nyuma ya jiwe kupita usawa wa maji. Ukiilaza tu chini ya nyasi, udongo wa bustani utanyonya maji usiku na mchana kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na mwenye nyumba atadhani bwawa limetoboka. Mawe natumia bapa. Kila jiwe naligonga kwa nyundo: zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Nalilaza lichomoze ndani sentimita 5, lifunike nailoni isichomwe na jua, na juu yake libaki limeinuka kidogo kuliko nyasi ili matope yasiingie. Mahali pamoja naacha njia ya maji ya ziada, nayaelekeza migombani. Udongo wa saruji naufunika kwa magunia mabichi wiki nzima, kisha naosha, namwaga maji yote na kujaza mengine. Chokaa inayotoka kwenye saruji mpya huua samaki.

Mwaka 2014, na tena 2019, homa ya dengi ilipoingia jijini, wateja walitaka kufukia mabwawa. Niliwaeleza kwamba mbu anayeieneza anahitaji siku saba hadi kumi tu kutoka yai hadi kuruka, na anazaliana vizuri zaidi kwenye kopo na tairi lililosahaulika uani. Bwawa lenye perege wadogo halimlei mbu, kwa kuwa viluwiluwi vyake huliwa. Hofu yangu kubwa ni watoto. Penye mtoto mdogo siweki bwawa bila uzio na geti lenye komeo, na upande mmoja napanga mawe ya kukanyagia yanayopanda taratibu hadi nje.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja kando ya Barabara ya Bagamoyo. Bwawa lilikuwa limegharimu fedha nyingi, lina pampu na taa, ila upande mmoja wa ukingo ulikuwa chini kwa sentimita 4. Maji yalimwagikia huko kila siku, na upande wa pili nailoni ilikuwa uchi, imekauka na kupasuka kwa jua. Tuling'oa mawe yote, tukapiga levo upya. Samaki na maua vilibaki vilevile.

Wewe unayetaka bwawa nyumbani kwako, usimharakishe fundi siku ya ukingo, wala usipunguze fedha ya mawe ili uongeze ya pampu. Kabla hujamlipa malipo ya mwisho, jaza maji hadi juu, uzunguke mwenyewe ukitazama. Maji yakigusa mawe kwa usawa mmoja pande zote, mlipe haki yake yote. Yasipogusa, mwambie arudie.