Njia ya Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: risasi ni madini mazito ya rangi ya kijivu, na risasi ni kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Aghlabu maana ya pili ndiyo inayotangulia akilini. Mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, maana ya kwanza ndiyo iliyoleta reli. Haikuletwa na msafiri, wala mkulima, wala mrina asali.

Reli ya Kati, waliyoijenga Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Sehemu kubwa yake iliandamana na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, njia ambayo Unguja iliijua kwa pembe za ndovu na kwa machozi ya watumwa. Kusini ya njia hiyo, nchi ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ilibaki ndani ya miombo na mbung'o, mbali na mlio wa gari la moshi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilijitayarisha kuchimba risasi huko Mukwamba, karibu na Mpanda, na serikali ya Waingereza ikakubali kutandika reli hadi huko. Tawi likaanzia Kaliua, magharibi ya Tabora, likaelekea kusini kiasi cha kilomita 210, likavuka mto Ugalla. Kazi yake kubwa ilikuwa kulipenya pori. Mwaka 1950 njia ilikuwa tayari, na mabehewa yakaanza kushusha mzigo kuelekea bahari.

Miaka ile ilikuwa ya tamaa kubwa zenye umri mfupi. Huko Urambo, kabla ya kufika Kaliua, Waingereza walikuwa wakilima karanga kwa mitambo, na mwaka 1951 mpango wao mkuu wa karanga ukavunjwa. Mgodi wa Mpanda uliishi zaidi kidogo. Ilipofika 1960 uchimbaji ule ukakoma. Mwenye reli akaondoka, reli ikabaki.

Watu wa visiwani wanajua mwisho wa kawaida wa kisa kama hiki. Unguja nayo ilikuwa na reli yake, kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza mwaka 1905. Wako wanaodhani hata jina la Bububu ni mlio wa gari lile, ilhali jina lilikuwako kabla yake. Magari ya barabarani yalipozidi, reli ile ikafa katika miaka ya 1920, na leo mpita njia haoni hata taruma moja. Kwa nini basi njia ya Mpanda haikung'olewa, nayo ilikwisha kupoteza sababu ya kuzaliwa kwake?

Jawabu ni kwamba katika miaka kumi ile watu walikwisha kuizoea, wakaifanya yao. Mahindi, tumbaku na asali vilipata mahali pa kupandia. Masika yalipokata barabara za udongo, gari la moshi ndilo lililowachukua mgonjwa, mwanafunzi na barua. Kisha baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, maelfu ya wakimbizi walipewa ardhi Katumba, kando ya reli hiyo. Walifyeka pori wakalima, na mavuno yao yakaingia katika mabehewa yaliyokusudiwa mawe. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania.

Sasa zama nyingine zinabisha hodi. Barabara ya lami imeunganisha Tabora na Mpanda kupitia Sikonge na Koga. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 za zamani, na huko Kilosa imetobolewa milima ili ipite. Katika mipango, reli hiyo mpya itakuwa na tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, na kuendelea mpaka Karema, penye bandari mpya katika Ziwa Tanganyika. Karema si ngeni kwa wageni: Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879. Shabaha ya leo ni shehena ya Kongo, ng'ambo ya maji.

Hakuna wa kuipinga neema hiyo. Lakini mizani inayopima shehena haipimi dumu la asali, na treni yenye haraka ya kufika ziwani haina sababu ya kusimama katika stesheni ndogo za porini, ambako mama huuza ndizi dirishani na kijana hupanda kwenda skuli. Reli ya kwanza ilipangwa kwa ajili ya mgodi, na wananchi wakaingia kwa mlango wa nyuma, polepole, kwa miaka mingi. Wenye kuchora reli ya pili wana nafasi ambayo wale wa mwaka 1950 hawakuitaka: kuwahesabu watu hao tangu mwanzo, na kuwawekea stesheni zao katika ramani kabla taruma la kwanza halijalazwa.