Mizani ya Kuvuka

Visiwani, neno kivuko hukumbusha kwanza chombo cha majini: mashua au pantoni iwapelekayo watu ng'ambo. Mijini neno hilohilo limepanda nchi kavu, likawa jina la michirizi myeupe ichorwayo barabarani ili mwenda kwa miguu apite. Maana yake haikupotea. Avukaye hujikabidhi kwa mwingine kwa muda. Na nahodha muungwana hang'oi nanga ilhali mguu mmoja wa mzee umo chomboni na wa pili ungali majini.

Taa ya kwanza ya kuongoza vyombo vya barabarani iliwekwa London mwezi wa Disemba 1868, karibu na Bunge la Uingereza, zama za magari ya farasi. Ilikuwa ya gesi. Mwezi uliofuata ililipuka, ikamjeruhi askari aliyeiendesha. Taa za leo hazilipuki, lakini lipo swali: muda wa kijani umepimwa kwa hatua za nani?

Mshairi huhesabu mizani, mhandisi huhesabu sekunde. Kwa miaka mingi wahandisi wa Marekani na Uingereza walikadiria kuwa mtu huenda mita 1.2 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, barabara ya upana wa mita 12 huvukwa kwa sekunde 10. Ajuza mwenye mkongojo, aendaye mita 0.8 kwa sekunde, huhitaji sekunde 15. Sekunde ya 10 humkuta amesaliwa na mita 4, na magari yanaunguruma. Hapo hakukosea yeye. Kilichokosea ni kipimo.

Mwaka 2009 mwongozo wa taifa wa Marekani ulipunguza kadirio hilo hadi kama mita 1.07. Mwaka huohuo kisiwa cha Singapore kilianza kuweka taa ambazo mzee hugusisha kadi yake nguzoni, akaongezewa sekunde kati ya 3 na 13, kwa kadiri ya upana wa barabara. Na Uingereza, chini ya kisanduku cha kitufe katika vivuko vingi, mna pia ndogo. Taa ya watu iwapo kijani, pia huzunguka, na asiyeona huigusa akajua zamu yake imefika.

Shairi lililopungua mizani huudhi sikio tu. Taa iliyopungua mizani huua.