Baiskeli, vumbi la Kahe na maji ya mjomba

Wasomaji wangu, nimepotea kidogo. Nilichukua likizo, nikapanda basi kwenda nyumbani Moshi, na baiskeli yangu ikiwa imefungwa kamba kwenye buti. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo karibu sawa na ya mtu. Tukabishana mpaka Chalinze, nikashindwa.

Baiskeli yenyewe ni mtumba, aina ile wanayoiita grevo. Usukani umepinda kama wa baiskeli za mashindano, ila matairi ni mapana na yana meno, kwa ajili ya vumbi na changarawe. Nimeinunua kwa kudunduliza posho za safari za kazi. Wenzangu chumba cha habari wananicheka kwamba kwa bei ile ningepata nusu ya bodaboda.

Kila mgeni anayefika Moshi anatazama juu, mlimani. Mimi nawaambia geuza usukani utazame kusini. Unatoka mjini, unapita Pasua, lami inakwisha, unaingia Mabogini. Mji uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na kule uendako ni kama 700, kwa hiyo unateremka taratibu bila hata kujua. Kwenda ni raha. Kurudi utajua mwenyewe.

Baada ya muda mfupi migomba inapungua, halafu inatoweka. Inabaki migunga, udongo mweupe wenye magadi, mbuzi waliokonda na vimbunga vya vumbi vinavyotembea peke yao uwandani kama watu wenye shughuli zao. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Huku tambarare ni kama 500, na mwaka mwingine pungufu. Ni mwendo wa saa moja tu wa baiskeli kutoka kwenye ukungu wa migomba hadi kwenye nyika inayokaribia kuwa jangwa.

Halafu, katikati ya ukame huo, unakutana na mfereji.

Mifereji ya Lower Moshi ilijengwa kati ya mwaka 1984 na 1987 kwa fedha za Japani. Inachukua maji ya mto Rau na mto Njoro, na iliandaliwa kumwagilia hekta 1,100 za mpunga, mbali na mazao mengine. Kando ya mfereji mkuu kuna njia ya kifusi iliyoshindiliwa, iliyonyooka kama rula, na hiyo ndiyo njia bora kabisa ya baiskeli ninayoijua nchi hii. Kushoto majaruba ya kijani, yangeyange wamesimama kwa mguu mmoja, pawatila inanguruma. Kulia, kama ni ng'ambo ya eneo la mradi, vumbi na miiba. Kati ya hivyo viwili kuna maji ambayo mtoto mwenye afya anaweza kuyaruka.

Ukiamua kwenda, nenda asubuhi na mapema, maana ikifika saa nne mlima umeshajifunika na jua limeshakasirika. Usipite baada ya mvua, udongo mweusi wa mbuga utakaba magurudumu mpaka ubebe baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Beba tyubu mbili na kiraka, mbigili za huko hazina huruma. Na usinawe wala kutia miguu mfereji ukikuvutia namna gani, kichocho kipo. Kingo ndogo za majaruba usipande na gurudumu, ni jasho la mtu.

Siku ya kwanza nilikwenda kupitia Chekereni hadi Kahe. Pale stesheni ya Kahe ndipo reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga ilipounganishwa na ile ambayo Waingereza waliijenga kutoka Voi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Machi 1916 walipigana hapo. Nilipofika mimi palikuwa na mbuzi watatu kivulini na kijana mmoja anauza karanga. Nikala karanga, nikapata pancha mbili, nikarudi.

Lakini sikwenda Moshi kwa ajili ya Kahe. Nilikuwa nazunguka tu, nakwepa.

Mwaka jana niliandika habari kuhusu mifereji hii. Ilikuwa ukurasa wa tatu, na picha. Nilikwenda mkiani mwa mfereji, mahali ambapo maji hayafiki tena. Mama mmoja mjane akanionyesha jaruba lake lililokauka, juu yake chumvi nyeupe kama unga uliomwagika. Alilima mpunga miaka mingi pale, akasomesha watoto watano. Sasa anapanda mahindi kwa kubahatisha, na msimu ule hata mahindi hayakutoka. Akasema maji yanaishia juu. Nikaongea na mtaalamu mmoja ofisini kwake, naye akasema hivyo hivyo, kwamba kuna watu juu ya banio wanaofungulia maji mashamba yao nje ya utaratibu. Nikarudi, nikaandika. Neno nililotumia ni "wezi wa maji". Mhariri alilipenda, akalipandisha kwenye kichwa cha habari.

Juu ya banio sikwenda. Ilikuwa saa kumi na gari la ofisi lilikuwa linaondoka.

Na juu ya banio ndipo anapolima mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, aliyenifundisha baiskeli. Alikuwa na Phoenix nyeusi, mimi nilikuwa mfupi, nikaiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, kando ya mfereji huu huu, yeye akikimbia nyuma ameshika keria. Nilianguka majini mara mbili.

Gazeti lilifika kijijini kupitia kwa mwalimu mmoja. Alisomewa habari nzima barazani, mbele ya wazee wenzake, hadi jina la mwandishi. Mama alinipigia simu akaniambia hayo, halafu akanyamaza. Tangu siku hiyo nikimpigia mjomba simu inaita mpaka inakata.

Siku ya tatu nikaacha kukwepa. Nikaendesha kuelekea juu, kinyume cha maji. Njia inapita kwenye milango ya chuma ya kugawia maji, mingine imeng'oka, mingine imefungwa kwa kufuli na watu wasioaminiana. Ukifika bonde la mto Rau hewa yenyewe inabadilika.

Nilimkuta shambani anapalilia mpunga. Nikalaza baiskeli.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Baada ya muda akaitazama baiskeli, siyo mimi. "Baiskeli gani hii haina keria?"

Nikamweleza kwamba hizi hazina. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe asiye na kiwele.

Tukakaa chini ya mwembe. Sikuwa na daftari, na simu niliizima. Akaniambia jambo ambalo miaka yote sikuwahi kumuuliza. Mfereji ule mkuu aliujenga yeye. Alikuwa kijana, kibarua, anabeba mawe na kuchanganya zege. Walipomaliza, mashamba yaliyokuwa ndani ya mradi yalipimwa na kupangwa upya, na shamba la baba yake lilibaki nje. Akawaona wenzake wanapewa mbegu ya IR54, wanafundishwa kupanda kwa mistari, wanavuna zaidi ya tani sita kwa hekta. Alikwenda kuwatazama kwa misimu miwili, amesimama kwenye ukingo. Kisha akarudi kwake, akachimba mfereji wake kwa jembe, akapanda kama alivyoona. Majirani wakamwiga.

"Mto huu ulipita mbele ya nyumba ya baba yangu kabla Mjapani hajazaliwa," akasema. "Sasa niambie wewe uliyesoma chuo kikuu. Niliiba wapi?"

Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia habari za vibali vya maji na sheria, nazijua. Ningeweza kumwambia habari za yule mama. Nilimwambia za yule mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jaruba lake liko upande gani, nikamwelekeza. Akasema, "Pale palikuwa na udongo mzuri." Halafu kimya kirefu.

Nikamwomba radhi. Nikasema nilipaswa kupanda kuja kumuuliza kabla ya kuandika. Akasema, "Ulipaswa." Basi. Hakusema amenisamehe na sitawadanganya kwamba alisema.

Niliporudi Dar nilimwomba mhariri tuandike sehemu ya pili, kutokea juu ya banio. Akasema habari imeshachacha, na wasomaji hawapendi kurudishwa nyuma. Huenda anajua kazi yake. Ndiyo maana naandika hapa, ambapo hakuna wa kunikata. Wale watu siyo wezi. Na maji ya yule mama kweli hayafiki. Mto wenyewe ni mmoja, na watu ni wengi kuliko walivyokuwa mwaka 1987. Mtu anayeniambia kwamba suluhisho ni rahisi namwomba aende na baiskeli kutoka mkiani hadi juu, siku moja, halafu anieleze.

Wakati wa kuondoka mjomba aliniletea mkungu wa ndizi za mama. Tukaitazama ile baiskeli, yeye na mimi, tukitafuta pa kuuweka. Tulijaribu kuuning'iniza kwenye usukani, ukapinda upande. Mwishowe akauchukua, akanifunga nao mgongoni kwa mpira wa tyubu kuukuu, akakaza mafundo kama anavyofunga mtoto, na akanisukuma hatua chache kwa kushika siti mpaka nikapata mwendo.

Kilomita kumi na kitu, kupanda, na mkungu mgongoni. Bega la kushoto bado linauma.