KANU WA IJUMBI NA KUKU WA MA

Ukimwambia mtu wa Dar unakwenda Kagera, atakuagiza senene. Hakuna atakayekuagiza habari za kanu. Mimi ndizo nilizorudi nazo.

Ijumbi ni kata ya wilaya ya Muleba. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa basi, kiuno kitakusimulia. Ukishafika huko nyumba huzioni. Kila kaya imejificha ndani ya kibanja chake: migomba juu, mibuni katikati, maharage chini. Nje ya vibanja ni rweya, nyasi tupu hadi macho yachoke. Hapo kati ya migomba na nyasi ndipo wanyama wadogo wala nyama wanapojitafutia riziki.

Mchana ni zamu ya nguchiro. Nililiona kundi zima pembeni ya rweya, wenye mistari mgongoni, wanachimba wadudu huku wanalalamika kwa sauti nyembamba kama abiria wa daladala. Usiwadharau. Pale Mweya, Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, wanasayansi wanawafuatilia jamaa hawa tangu 1995. Majike wa kundi moja mara nyingi huzaa usiku mmoja, na watoto hulelewa bila kuulizana yupi ni wa nani. Nguchiro akipata yai hulirusha nyuma, katikati ya miguu, lipasuke kwenye jiwe. Tena huwapanda ngiri na kuwatoa kupe, na ngiri anajilaza utadhani yuko saluni.

Usiku anaingia kanu. Mwembamba, madoa mwili mzima, mkia mrefu wenye pete. Mzuri kwelikweli, lakini mwizi.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo ambaye kwa heshima ya kule nilimwita Ma, alikuwa amepoteza kuku watatu ndani ya wiki moja. Mjukuu wake, kijana wa rika letu, alishaandaa nyama yenye sumu ya wadudu wa shambani. "Leo analala chali, braza," akaniambia.

Ma akakataa. Si kwa huruma, tusidanganyane. "Sumu haichagui," alisema. "Itaanza na mbwa wangu. Na panya nao, utawala wewe?"

Hapo kijana akanywea kidogo. Kweli, kanu hula panya kwa sana, na panya wakishaingia stoo hawajui maharage ya mbegu wala ya kula. Kuku kwa kanu ni bahati nasibu. Panya ndiyo ugali. Ubishi ulikolea mpaka kibuyu cha rubisi kikaisha. Mwisho wakaafikiana: banda liinuliwe, matundu yazibwe kwa wavu wa waya, na kuku wasilale tena juu ya miti. Nami nilipewa nyundo. Malengelenge ninayo mpaka leo.

Wakati tunapigilia misumari nikampa kijana stori ya Australia. Kule kuna mnyama anaitwa kwoli: naye ana madoa, naye hutoka usiku, naye kwa kuku hajambo. Lakini na kanu hawana undugu wa karibu, maana kwoli hulea watoto kwenye mfuko kama kangaruu. Kwoli wa mashariki anaweza kuzaa watoto hadi 30, kila mmoja kama punje ya mchele, na chuchu ni 6 tu. Anayechelewa, imekula kwake! Magonjwa, mbweha walioletwa na Wazungu, mitego na sumu viliwamaliza Australia bara, wakatoweka huko miaka ya 1960. Walibaki kisiwa cha Tasmania, na ni miaka ya karibuni tu wameanza kurudishwa bara, hasa ndani ya uzio.

Kijana akatema msumari. "Kwani hao Wazungu hawakuwa na wavu?"

Usiku wa pili kanu alikuja. Tulimmulika kwa tochi, macho yanawaka kama vipande vya kioo. Akalizunguka banda mara mbili, akanusa wavu, akapotelea migombani. Asubuhi Ma alihesabu kuku: wote wapo. Kijana alisema tusubiri mwezi uishe.

Ukienda, beba koti na tochi nzuri. Ukikuta mnyama mdogo anakusogelea mchana bila woga, usimguse, inaweza kuwa kichaa. Senene nao wapo, ila subiri Novemba.