Tokeni Moja kwa Thredi Zote

Miaka yangu ya kwanza kazini niliandika Java, na Java ile ilikuwa ya kufuli: thredi moja inashika, nyingine zinangoja. Nilipojiunga na timu ya malipo jijini Nairobi iliyotumia Clojure, nilifurahi. Data haibadiliki, thredi zitagombea nini?

Ziligombea tokeni. Bila tokeni mfumo wa malipo haukupokea ombi lolote, na kila ulipotoa mpya uliibatilisha ya zamani. Seva ikiwashwa upya, maombi huingia kwa pamoja na yote hukuta atomu ya kuhifadhi tokeni ikiwa tupu. Fanksheni ya kuomba tokeni ilikuwa imewekwa ndani ya `swap!`, lakini `swap!` haizuii mtu kuingia. Kila thredi huita fanksheni kwanza, ulinganisho wa kuona kama atomu imebadilika huja baadaye. Mmoja hushinda, waliobaki hutupa jibu lao na kuanza upya. Kwa hesabu tupu hakuna hasara. Kwetu, jibu lililotupwa lilikuwa tokeni hai, na kutolewa kwake kulikuwa kumeshaiua ile iliyohifadhiwa. Malipo ya watu yakakataliwa.

“Mdogo wangu,” aliniambia dada aliyeongoza timu, “humo ndani usifanye kazi. Weka agizo la kazi tu.”

Agizo hilo ni `delay`: kazi imeelezwa, haijafanywa. Thredi zikiunda `delay` nyingi, moja tu hubaki kwenye atomu, nyingine hupotea bila kuguswa. Kisha wote huifungua hiyo hiyo. Wa kwanza huitekeleza, wengine humngoja na kupata jibu lile lile. Katika kazi yangu yote sijaona mbinu nzuri zaidi, kwa sababu mashindano yanahamia mahali ambapo kurudia hakugharimu kitu.

Likabaki jambo gumu zaidi: mtandao ukikatika katikati ya ombi. `delay` hulikumbuka kosa na kumpa kila anayekuja, hadi seva izimwe. Katika Haskell, niliyojifunza baadaye, `modifyMVar` hurudisha thamani ya awali kosa likitokea, na anayefuata hujaribu. Sisi tulilazimika kuandika hilo wenyewe: anayepata kosa huiondoa `delay` iliyoharibika kwa `compare-and-set!`, na huiondoa ikiwa tu bado ni ile ile aliyoifungua. Bila sharti hilo, thredi iliyochelewa ingefuta tokeni nzima ambayo mwenzake ameshaipata.